Rudisha viti, weka benchi

Mudi ndugu yangu,

Asalaam aleikum. Habari za Kariakoo, mama hajambo? Huku wote wazima. Unisamehe kwa ukimya huu mrefu. Shemeji kanieleza kwamba umepata kona yenye kibaraza, unataka kuuza kahawa, na umeshaagiza viti vya plastiki ishirini. Mudi, tafadhali, virudishe. Weka benchi.

Benchi mbili za mbao, zitazamane. Mwenye kiti hukigeuza upande anaotaka, akainamia simu yake. Kwenye benchi anayefika husema "sogeeni kidogo", wakasogea, na papo hapo keshaingia kwenye ubishi wa Simba na Yanga. Watu wanafuata hilo kabla ya kahawa.

Kahawa nayo ina masharti yake. Buni ya Kilimanjaro ina harufu, ya Kagera ina ukali; changanya, mbili za Kilimanjaro kwa moja ya Kagera. Kaanga kwa moto wa wastani dakika 15 hadi 20, mwiko usitulie, la sivyo nyingine zitaungua na nyingine zibaki mbichi ndani. Zikikolea rangi zimwage upesi kwenye ungo, maana kikaango cha moto huendelea kuziunguza hata ukikiepua. Kisha twanga, isiwe laini kama unga wa ngano. Laini mno haizami, mteja atakunywa tope.

Kwa dele la lita 3, maji yachemke kwanza, ndipo utie kahawa gramu 150 hivi na tangawizi iliyopondwa, kama kidole gumba. Ichemke taratibu dakika 10, uiache itulie mashapo yashuke. Hapo sasa, funika mkaa kwa majivu! Vijiwe vingi vinaharibikia hapa: mkaa unawaka wazi tangu alasiri mpaka isha, kahawa inachemka upya kila mara, mashapo yanapanda, na uchungu unakuwa wa kuungua. Sukari usitie ndani ya dele hata wakikubembeleza. Utamu ni kazi ya kashata, na wazee wenye kisukari nao wapate cha kunywa.

Hizo kashata, sukari kikombe kimoja iyeyuke iwe kahawia, karanga zilizokaangwa na kumenywa vikombe viwili, mwaga kwenye sinia lililopakwa mafuta. Kata zikiwa za moto, zikipoa zinavunjika ovyo. Weka kwenye kopo lenye mfuniko. Unyevu wa Dar utazifanya zinate.

Vikombe viwe na ndoo mbili, moja ya sabuni, moja ya kusuuzia, na maji ya kusuuzia yamwagwe kabla hayajaanza kuchafuka.

Nirudi kwenye benchi. Zipange upande wenye kivuli cha alasiri, na usisogee karibu na kituo cha mwendokasi kwa tamaa ya wapita njia. Wale wana haraka, watakunywa wima na kuondoka.

Sasa niambie: mwenye nyumba amekubali kibaraza kitumike mpaka saa ngapi? Jua la saa kumi linapiga wapi? Bao lipo, au nimuulize yule babu wa Gerezani? Dele umenunua au bado? Na fundi wa benchi ni yuleyule aliyetengeneza kitanda cha shemeji?

Nijibu kabla hujalipia viti.

Wasalaam,
Rafiki yako wa siku zote