Nimepanda Mbomole

Mwanangu mpenzi,

Shikamoo yako imenifikia, marahaba. Huku milimani Amani hatujambo sote, ni goti langu tu linalosumbua baridi ikizidi. Nimeona nikuandikie, maana jambo hili nikikueleza kwa simu nitalia kabla sijalimaliza.

Jumapili iliyopita mdogo wako alinipandisha kilima cha Mbomole. Si unajua siku hizi anaongoza wageni msituni? Aliniambia, "Mama, watu wanatoka Ulaya kuja kusimama pale juu, na wewe umeishi chini yake miaka yote." Kweli. Miaka 22 nimechuma chai huku bondeni na sijawahi kukipanda kile kilima. Ningekipanda lini? Jumapili ilikuwa ya kufua, kuokota kuni na kupalilia iliki zetu.

Tulipumzika mara nne. Msituni kuna giza hata saa nne asubuhi, na njia inateleza. Mdogo wako alikuwa akinisimulia yale anayowasimulia wageni. Alinionyesha mwambani lile ua dogo la zambarau tulilokuwa tukilipita kila siku bila kuliangalia. Kumbe Mjerumani aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Tanga alipeleka mbegu zake kwao, na mwaka 1893 likapewa jina la ukoo wake. Leo watu wanalipanda kwenye vyungu madirishani dunia nzima. Na kituo cha utafiti cha hapa Wajerumani walikianzisha mwaka 1902. Wakajaribu kila mmea: mibuni, mikwinini ya dawa ya malaria, na chai. Nilimsikiliza nikajisikia fahari. Mtoto wangu anaijua ardhi hii kuliko mimi niliyeilima.

Tulipofika juu hatukuona kitu. Ukungu mtupu. Tukakaa juu ya jiwe, nikafungua chupa ya chai, tukanywa kimya. Kikombe cha pili hakijaisha, ukungu ukaanza kunyanyuka.

Mwanangu, sikujua.

Chai imelala kwenye vilima vile kama nywele zilizochanwa, imeshuka hadi mabondeni, na msitu umeipakata pande zote. Kijani cha chai ni kichanga, cha msitu kimekolea karibu kuwa cheusi. Mbali, chini kabisa, tambarare imetanda hadi inapotelea kwenye mwanga. Mdogo wako huwaambia wageni kwamba mchai ukiachwa unakuwa mti mrefu kuliko nyumba, na wao hushangaa. Ule usawa wanaoupiga picha ni mikono. Ni sisi tuliopita kila wiki moja au mbili, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na wenzetu wa kupogoa wakaja kwa zamu yao.

Nikaanza kutafuta vitalu vyangu kwa kidole. Niliiona njia ya kutoka kambini, ile tuliyoipita alfajiri tumejifunga nailoni kiunoni ili umande usitulowanishe. Nikaona palipokuwa na mizani, ambapo karani alikata kilo akisema majani yana maji, na wewe ukiwa mgongoni umelala. Huchukua zaidi ya kilo nne za majani mabichi kupata kilo moja ya chai kavu. Ada yako ya sekondari nimeihesabu kwa kilo hizo, ndiyo maana hadi leo siwezi kumwaga chai iliyobaki kikombeni.

Halafu nikakiona kitalu cha karibu na mikaratusi. Cheti chako cha kuzaliwa kimeandikwa Muheza, lakini uchungu wako ulinishika pale, kikapu kikiwa nusu. Wanawake watatu walinishika mikono hadi barabarani, na dereva wa trekta ya majani akanishusha polepole, kila shimo akiniomba radhi. Sijawahi kukuonyesha pale mahali.

Hapo ndipo lilipo neno langu. Tangu ulipokuwa mdogo nilikuwa nakuambia: soma uondoke huku, usije ukaijua chai. Nilikukataza hata kunifuata shambani siku za likizo. Uliponitii ukaenda, nilimshukuru Mungu, na bado namshukuru. Lakini sikukwambia kwamba ni pazuri. Nilikuwa naogopa kwamba ukipapenda utabaki, uiname nilivyoinama mimi. Nikakufundisha kuona matope, mgongo na mizani peke yake, na mimi mwenyewe nikawa sioni kingine. Hilo nilikukosea, mwanangu, naomba unisamehe.

Nataka uje. Uje Januari au Februari, mvua zikiwa zimepungua, maana masika barabara ya kutoka Muheza inakuwa taabu, na ni kama kilomita 35 za kupanda. Walete wajukuu zangu. Wavae viatu vya kufunga kamba na suruali ndefu, na kila mmoja awe na sweta, hata kama Muheza mtaiacha na jua kali. Msiondoke Amani siku hiyo hiyo kama mlivyofanya mwaka juzi. Tutaamka mapema, mdogo wako atangulie, mimi nitafuata taratibu na goti langu. Ukungu ukitukuta juu tutakaa tuusubiri. Nitabeba chupa kubwa ya chai.

Ni mimi mama yako.