Usimwage, shoga yangu

Tabata, Dar es Salaam
Jumapili jioni

Shoga yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, joto limepungua, na mama hakosi kukuulizia kila nikitaja Morogoro. Nimefurahi kwamba nyumba imekwisha kabla ya harusi na wageni wameisifia. Ila yale makopo ya rangi yaliyobaki uani ndiyo yaliyonifanya nikae chini nikuandikie. Umesema fundi kakwambia mmwage tu mtaroni. Nakuomba sana, usimwage.

Nakwambia kwa sababu mimi nimeshafanya. Mwaka juzi tulipopaka sebule, fundi alisuuzia brashi mtaroni kisha akamwaga nusu ndoo ya rangi ya maji, nami nimesimama mlangoni natazama. Maji yakawa meupe kama tui. Mtaro wetu unashukia Msimbazi, na kule bondeni wapo wanaolima mchicha kwa maji ya mto huohuo. Jioni ile mama muuza mboga akapita na beseni lake kichwani kama kawaida. Nilinunua mafungu mawili, nikashindwa kumtazama usoni, na mchicha wenyewe sikuupika.

Kwako ndiyo zaidi. Mto Morogoro unaingia Ngerengere, Ngerengere unaingia Ruvu, na maji ya Ruvu ndiyo yanayotoka bombani kwetu Dar. Utakachomwaga hapo kinakuja njia ya kwangu.

Ile rangi ya maji ya krimu, kama lita tatu kweli zimebaki, bado ni mali. Fungua unuse. Ikiwa imechacha, imeoza. Ikiwa ina utando tu juu, uondoe, koroga mpaka chini kabisa, halafu ichuje kwa soksi ya nailoni. Lita moja hufunika kama mita za mraba 10 kwa mkono mmoja; kuta za choo chenu cha nje hazizidi 12, basi unapiga mikono miwili na inabaki kidogo. Usipotaka, wape madrasa ya jirani au mtu anayejenga. Mabaki ya rangi za maji unaweza kuyachanganya pamoja, yatatoka rangi ya vumbi lakini ukuta wa stoo haujali. Ya mafuta usiichanganye na ya maji, zitaharibika zote mbili.

Ya kuhifadhi, futa ukingo wa kopo, weka kipande cha ubao juu ya kifuniko ndipo ugonge kwa nyundo, kisha uandike ni ya chumba gani. Iwekwe kivulini, mbali na jiko na wajukuu.

Iliyooza changanya na mchanga na maranda ya seremala, uiache wazi mahali penye hewa, pasipofikiwa na kuku wala watoto, mpaka iwe ngumu kama udongo mkavu. Hapo ndipo unawapa wa gari la taka. Hapa Dar taka zetu huishia dampo la Pugu Kinyamwezi, na kuna watu wanazichambua kwa mikono mitupu, wanawake wenzetu wamo. Kopo la rangi mbichi likipasuka, linawamwagikia wao. Na msilichome moto pamoja na takataka, kopo lililofungwa hulipuka.

Tina, yaani ile dawa ya kuyeyushia rangi ya mafuta, ikishaoshea brashi iache itulie kwenye chupa ya kioo iliyofungwa. Uchafu utashuka chini, ile safi ya juu utaitumia tena. Matambara ya vanishi usiyarundike, maana yenye mafuta ya kitani hupata joto yenyewe mpaka yakawaka. Yatandaze nje moja moja yakauke.

Sasa ile nyekundu ya mafuta iliyokaa stoo tangu enzi za marehemu baba mkwe, hiyo ndiyo inayonitia hofu. Nyekundu na njano za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi. Kiwango cha juu kinachopendekezwa na WHO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na mazingira, ni sehemu 90 tu za risasi kwa kila sehemu milioni, na mtoto inamharibu ubongo hata kwa kidogo. Usimruhusu mtu aipake kitandani mwa mtoto kwa sababu tu ipo bure. Iache imefungwa, umuulize afisa afya wa kata, naye ataelekeza pa kuipeleka. Na kama upo mlango wa zamani wenye rangi hiyo, wasiupige msasa mkavu ndani ya nyumba.

La mwisho ni zile ndoo za lita 20. Najua utazitamani, hata mimi ninazo. Ya rangi ya maji ioshe vizuri utekee maji ya kufulia na kudekia. Maji ya kunywa au unga usiweke humo, hata ukiisugua kwa majivu siku nzima. Na ile iliyowekwa tina, iwe ya kubebea mchanga basi.

Lile kopo dogo la bluu uliloniambia, usimpe mtu. Nikija Agosti nitalichukua, mlango wangu wa jiko umebabuka.

Msalimie shemeji na maharusi.

Shogayo wa tangu darasa la nne