Bakuli la Jirani: Barua ya Wazi kwa Wanangu Mliofika Ujerumani

Wanangu,

Nawasalimu nyote, wa Tanzania na wa Kenya, mliokuja kwa Ausbildung, yaani mafunzo ya kazi, mnaosoma chuo, na ninyi mnaolea watoto wa watu kwa mkataba wa au pair. Shikamoo zenu hunifikia Jumapili kuliko siku nyingine yoyote, na sababu naijua. Wiki mbili zilizopita mmoja wenu alinitumia ujumbe wa sauti, akasema: "Shangazi, Jumapili huku ni kama kuna msiba mtaa mzima, ila hakuna anayelia." Nilicheka, kisha nikanyamaza. Mwaka wangu wa kwanza hapa Leipzig nami nilifungua dirisha Jumapili asubuhi nikadhani kumetangazwa amri ya kutotoka nje.

Msiba hakuna, mwanangu. Kimya hicho kina sheria yake. Kifungu cha 139 cha Katiba ya Weimar, ile katiba ya zamani ya Ujerumani ya 1919, kiliilinda Jumapili iwe siku ya kupumzika kazi na kuinua roho, na Sheria ya Msingi ya 1949, ndiyo katiba yao ya sasa, ikakichukua kama kilivyo. Berlin ilipotaka maduka yafunguliwe Jumapili zote nne za kabla ya Krismasi, makanisa yalikwenda Mahakama ya Katiba, na Desemba 2009 yakashinda. Ndiyo maana duka likishafungwa Jumamosi usiku, ni mpaka Jumatatu. Utabaki na kituo cha mafuta, waoka mikate kwa saa chache, na vijiduka vya stesheni kubwa.

Na kimya hicho kinadaiwa hata ndani ya nyumba yako. Ukuta hautobolewi. Chupa hazitupwi kwenye kontena la vioo. Na kinu, jamani! Mimi nilikuja na kinu changu kidogo kutoka Tanga, nikakaa sakafuni nikatwanga bizari ya pilau Jumapili saa saba mchana, sakafu yenyewe ya mbao. Jirani wa chini akagonga dari lake kwa mpini wa ufagio. Nikapiga simu nyumbani nikasema watu hawa wana roho mbaya. Nilimnunia yule mama mwezi mzima, naye wala hakujua kama amenuniwa, kwa sababu hata nisipomnunia tulikuwa hatusemezani.

Chumvi ndiyo iliyotupatanisha. Jumapili moja nimeshabandika chungu, nafungua kopo, hamna kitu, na maduka ndiyo hivyo. Kwetu ungemtuma mtoto nyumba ya pili na mambo yakaisha. Hapa nilisimama mlangoni kwa yule mama wa ufagio, nikahesabu mpaka ishirini, nikabonyeza kengele. Alinitazama, akaingia ndani, akarudi na chumvi kwenye kibakuli cheupe chenye ukingo wa buluu. Hakusema neno la zaidi.

Sasa kibakuli cha mtu utakirudishaje kitupu? Mama yangu angetoka kaburini. Jumapili iliyofuata nikakirudisha na vitumbua sita, vya tui la kopo, lakini vimeumuka. Yule mama akaniuliza anidai nini. Sikumwelewa. Akauliza tena: vinauzwa bei gani? Nikamweleza kwa Kijerumani changu cha kuokoteza kwamba ni desturi ya kwetu tu. Akavitazama, akanitazama mimi. Siku kumi baadaye kibakuli kilikuwa mbele ya mlango wangu, na kipande cha keki ya tufaha ndani yake. Alikuwa ameelewa vizuri kuliko nilivyotarajia.

Urafiki wenyewe ulichukua muda, na hapo ndipo wengi wenu mnapokosea. Sisi mtu tukikutana naye ndani ya basi mpaka Segera ni rafiki. Wao neno Freund hawalitoi ovyo. Anaweza kufanya kazi na wewe miaka mitano akakutambulisha kuwa Bekannte, mtu anayefahamiana naye tu. Usiumie, hajakutukana. Vilevile usimkimbilie kwa du, ile "wewe" ya watu waliozoeana. Mimi na yule mama tulikaa kwenye Sie, "wewe" ya heshima, miezi minane, mpaka siku moja akaweka kikombe chini akanyoosha mkono akataja jina lake la kwanza, kana kwamba ndiyo kwanza tunakutana. Mkubwa ndiye anayeanza. Hilo mbona tunalijua sisi, tuliolelewa kwa shikamoo?

Na saa! Mwaliko wangu wa kwanza wa kahawa aliniambia "halb vier". Mimi nikasikia nne na nusu. Nne yao ni saa kumi yetu, basi nikajitokeza saa kumi na nusu, tena na wageni wangu wawili kutoka Halle, kwa sababu kwetu mgeni njoo. Kumbe halb vier ni nusu ya kuiendea nne, yaani saa tisa na nusu. Meza ilikuwa ya watu wawili, kahawa imepoa, na yeye amekaa wima kama mwalimu mkuu. Alipika nyingine. Keki akaikata vipande vyembamba mno. Ukialikwa, uliza kama waweza kwenda na mwenzio, na uulize mapema.

Sisemi msipige simu nyumbani. Pigeni. Na ninyi wa hospitali najua Jumapili nyingine ni zamu, mnarudi miguu imevimba. Lakini ile Jumapili ya mapumziko, msiimalize yote kitandani na simu mkononi mkitazama harusi za watu wa Mombasa. Tangu Kenya na Ujerumani zitie saini makubaliano ya wafanyakazi Septemba 2024, nawaona mkija kwa makundi, na kundi ni zuri, ila linaweza kukufungia mlango wa jirani bila wewe kujua.

Yule mama ana kiwanja katika bustani za chama, zile wanazoziita Schrebergarten, jina la daktari mmoja wa hapa hapa Leipzig. Sheria yao haitaki kiwanja kizidi mita za mraba 400, na kibanda mwisho 24, tena hairuhusiwi kuhamia humo. Alinimegea tuta moja nipande mchicha. Nilitaka kupanda Aprili, jua lilipochomoza. Akanizuia mpaka ipite tarehe 15 Mei, siku ya Sophie wa Baridi, maana kabla yake jalidi huua miche. Nikaona ushirikina. Nikapanda kichinichini, ukafa wote. Yeye aliutazama tu akanipa mbegu zilizobaki.

Leo ni Jumapili. Kibakuli kilirudi Jumatano na plamu, kwa hiyo zamu ni yangu. Mchele niliuloweka tangu jana na kuusaga jana hiyohiyo, maana leo mashine haiwashwi. Unga umeshaumuka, na saa tisa na nusu natakiwa niwe chini.

Shangazi yenu,
Leipzig