Swali moja la korosho liandikwe kwa lugha kadhaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na walimu na wanafunzi wa kompyuta huku Mtwara na Lindi. Ulinganishaji wa lugha za programu mara nyingi hufundishwa kwa jedwali: C huku, Java kule, Python pembeni, na mwanafunzi anakariri ipi inataka nukta mkato. Akimaliza mtihani, jedwali limekwisha kazi.

Apewe swali moja, aliandike kwa lugha tofauti, kisha aeleze kwa nini majibu yanapishana. Tuseme chama cha msingi kimeuza mnadani kilo 700,000 za korosho kwa shilingi 3,500 kila kilo. Aandike kwa Java:

long jumla = 700000 * 3500;

Jibu ni -1,844,967,296. Chama kilichouza kinaonekana kinadaiwa! Wengi hushangaa, maana long, aina ya namba kamili ndefu, ina biti 64 (tarakimu za 0 na 1) na fedha hizo zinaenea humo. Lakini kuzidisha kunafanyika kwanza, kabla ya kufika kwenye long, na namba zote mbili ni int, aina fupi ya biti 32, yenye kikomo cha 2,147,483,647; jibu likizidi hapo, Java huzunguka na kurudi upande wa hasi. Ukiandika 3500L, unapata 2,450,000,000. Python haina kikomo hicho. Namba hukua kadiri inavyohitajika, na gharama yake ni kasi. C ndiyo ya kuogopwa zaidi: kanuni zake hazisemi kitokee nini int ikifurika, kwa hiyo kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo kwa mashine, haina wajibu wa kukupa jibu lolote la maana.

Hata hivyo, anayelinganisha hizo tatu tu bado hajatoka uani kwao. Zote unaweza kuziandika kwa kutoa amri moja baada ya nyingine. Lazima aguse Haskell na Prolog, lugha zisizojengwa juu ya amri za kufuatana. Katika Python, x = x + 1 ni agizo: ongeza moja. Katika Haskell ni tamko kwamba x ni sawa na x kujumlisha moja, jambo lisilowezekana. Kompaila inaupokea mstari huo, lakini thamani ya x ikihitajika programu hukwama.

Prolog, iliyoanzia Marseille, Ufaransa, mwaka 1972, inafundisha jingine. Mwanafunzi aorodheshe nani mzazi wa nani katika ukoo, kisha aandike kanuni ya mhenga (alama :- isomwe “ikiwa”, na mkato kati ya masharti usomwe “na”):

mhenga(X,Z) :- mzazi(X,Z).
mhenga(X,Z) :- mhenga(X,Y), mzazi(Y,Z).

Majibu ya kwanza yatatoka sawasawa. Akiomba mengine hadi yaishe, programu itajiita yenyewe mpaka ijaze kumbukumbu. Mstari wa pili ukiwa mzazi(X,Y), mhenga(Y,Z), inamaliza salama. Kimantiki kanuni ni ileile, ila Prolog husoma kushoto kwenda kulia, na hilo halionekani kwenye jedwali lolote.

Lugha zote hizi zinapatikana bure, na zikishapakuliwa mazoezi haya hayahitaji intaneti. Haskell ndiyo nzito. Itengewe gigabaiti kadhaa kwenye diski. Walimu wazipakue mara moja, wazigawe kwa flashi.

Mtihani nao ubadilike. Mwanafunzi apewe ule mstari wa Java na kalamu, aeleze alama ya kutoa imetoka wapi.

Mwalimu wa programu,
Shangani, Mtwara