Harambee ya Sinema Yetu ya Jinja: Mvua za Machi Zisitutangulie

Ndugu zetu wa Jinja, mlio hapa na mliotawanyika,

Tunawaandikia kuomba pesa za kutengeneza paa la sinema yetu ya zamani na kurekodi kumbukumbu za wazee walioikalia, na kiasi tunakitaja mapema: shilingi za Uganda 8,800,000. Majirani wa mtaa wa Walukuba na wa mjini wameshachanga 2,150,000. Zimebaki 6,650,000, nazo tunazihitaji kabla ya mvua za Machi, kwa sababu paa la chumba cha mashine limetoboka na maji yanamwagika pale pale iliposimama projekta.

Sinema mnaijua. Vijana wanaopita hapo hudhani ni ghala: mlango umefungwa kwa mnyororo, rangi imebanduka, na mkuyu mchanga umeota kwenye ufa juu ya dirisha la tiketi. Lakini mwulize mtu aliyepita miaka sitini. Atasimama, atakuonyesha mahali foleni ilipokuwa ikipinda kona, na atakwambia alikuwa akikaa safu ya ngapi.

Mimi ninayeandika kwa niaba ya kamati nilikulia Walukuba, katika zile nyumba za wafanyakazi. Baba alikuwa kwenye mashine za kufuma pale Nyanza Textile, kiwanda cha nguo cha enzi zile bwawa la umeme la Owen Falls lilipofunguliwa kwenye Mto Nile, 1954. Mshahara ukitoka, Jumamosi jioni tulikwenda mjini kwa miguu, baba mbele, sisi watoto nyuma tumeshika viatu mkononi visiingie vumbi, tukavivaa tulipofika kwenye lami. Mama hakuingia ndani. Alikaa kando ya mlango na sinia lake la karanga, akizifunga kwenye vipande vya gazeti alivyovikunja kama pembe, na kila picha aliifuata kwa masikio tu: ngoma zikianza, watu wakicheka, kimya, halafu miluzi ya ukumbi mzima stelingi akitokea. Hadi anafariki alikuwa akiimba nyimbo za picha ambazo hakuziona hata siku moja.

Ndani, wenye nafasi zao, na wengi walikuwa Wahindi wa maduka ya Main Street, walipanda balkoni na familia zao. Chini tulikaa sisi wa viwandani: Wasoga, Wajaluo, Waluhya, Wagishu, Wanubi, Waacholi. Picha yenyewe mara nyingi ilikuwa ya Kihindi, na chini hakuna aliyejua Kihindi isipokuwa wachache waliofanya kazi kwenye maduka na majiko ya Wahindi. Hao ndio waliotufungulia njia. Jirani yetu mmoja, seremala wa Kijaluo aliyetengeneza samani katika duka la Mhindi, hakuweza kukaa kwenye kiti akanyamaza. Alitafsiri kwa sauti: sasa mama mtu anamwambia huyo ni ndugu yako. Sasa anakataa. Sasa analia, ngojeni. Safu nne mbele yake na nne nyuma zilimsikiliza yeye. Watoto wa leo wanawapenda ma-VJ wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video, na wana haki ya kuwapenda, ila wanadhani kazi ile ilianza na kaseti. Huku kwetu ilianzia gizani, safu ya saba, kwa Kiswahili.

Jambo hili la Kiswahili kwetu si dogo. Watu wengi wa Uganda walikijua Kiswahili kupitia mdomo wa askari, wakakiogopa, na wengine hadi leo hakiwaingii moyoni. Hatuwalaumu, walichokiona walikiona. Ila Walukuba Kiswahili kilikuwa lugha ya foleni ya maji, ya mpira, ya zamu ya usiku, na pale chini kilikuwa lugha ya kulilia picha. Ndiyo maana tunataka kumbukumbu hizi zirekodiwe kwa Kiswahili kwanza, halafu kwa lugha yoyote nyingine ambayo mzee mwenyewe ataipenda.

Fundi wa mashine aliwahi kutupandisha, mimi na kaka yangu, kwenye chumba chake. Projekta zilikuwa mbili, kila moja inamzidi mtu kimo. Taa yake haikuwa ya glopu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyosogezwa karibu mpaka umeme ukaruka kati yao na kutoa mwanga mweupe ambao jicho haliuwezi. Vijiti vilikuwa vikiliwa polepole kama mshumaa, na fundi alipaswa kuvisogeza tena na tena, la sivyo picha ilififia na chini watu wakaanza kupiga miguu sakafuni. Mkanda mmoja ulikwenda kama dakika ishirini. Ukikaribia mwisho, alama ndogo ya duara ilitokea kwenye kona ya juu ya pazia, naye akaiwasha mashine ya pili bila mtu wa chini kugundua. Alituonyesha upande wa mto, akatuambia umeme ule unatoka kwenye maji yale yale tunayoogelea. Nilikuwa na miaka minane. Nilishuka ngazi nikiamini kwamba Mto Nile ndio unaotuonyesha picha, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Ukumbi huu ulitolewa watu wake mara mbili. Mwaka 1970 serikali iliamuru vibarua wa kutoka Kenya waondoke nchini, na maelfu wakafunga mizigo. Seremala wetu alikuwa mmoja wao. Aliondoka na sanduku la zana na godoro. Jumamosi iliyofuata tulikaa pale pale tulipozoea, taa zikazimwa, picha ikaanza, na hakuna aliyetueleza chochote. Miaka miwili baadaye, Agosti 1972, Idi Amin akawapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Ilipofika katikati ya Novemba, balkoni ilikuwa tupu. Kwanza viti vya chini, kisha balkoni. Mwenye sinema aliacha funguo na mikanda iliyokuwa bado kwenye makopo, na jengo likawa la kugawiwa: leo huyu, kesho yule.

Halikufa siku hiyo. Miaka ya sabini tuliona kung fu, na vijana wa mtaa wetu walimwiga Bruce Lee mpaka suruali zikachanika. Lakini vijiti vya kaboni, vipuri na mikanda vyote vilitoka nje, na nchi ilikosa fedha za kigeni hata za bidhaa za kila siku. Ikaja vita ya 1979 iliyomwondoa Amin. Zikaja video, na kibanda chenye mabenchi na televisheni moja kikawa kinaonyesha kwa bei ndogo. Mlango ukafungwa.

Mwaka jana mwenye jengo wa sasa alitukubalia kuingia. Tulikwenda watano, pamoja na mzee aliyekuwa mwonyesha viti, yule wa tochi. Siku hizi haoni. Tulitaka kumshika mkono, akakataa. Alisimama mlangoni akagusa ukuta, kisha akaanza kutembea akihesabu hatua kwa sauti, akageuka kulia, akasimama, akanyoosha mkono kwenye kiti cha kwanza cha safu ya nne. Kiti hakikuwepo. Viti vingi viling'olewa zamani, mbao zikawa kuni. Mkono wake ulibaki hewani, kimo kile kile cha mgongo wa kiti, na akaanza kusema nani alikaa hapa, nani alikaa pale, nani alimposa nani wakati wa mapumziko kwa chupa ya soda. Tuliandika majina kumi na saba nyuma ya bahasha, kwa sababu simu iliyokuwa ikirekodi iliisha chaji. Kamati hii ilizaliwa jioni hiyo. Tangu hapo tumewazika wazee wawili kati ya wale tuliopanga kuwasikiliza.

Juu, kwenye chumba cha mashine, projekta moja bado ipo, imepoteza lenzi. Chini yake kuna makopo sita ya bati yenye mikanda. Tulifungua moja, tukarudi nyuma kwa harufu: siki kali, kana kwamba mtu amemwaga chupa nzima. Mikanda ya plastiki ya asetati ikipigwa na joto na unyevu huoza hivyo, na uozo ukishaanza hauponi. Kinachowezekana ni kuupunguza mwendo kwa kuiweka mahali pakavu na penye ubaridi. Kwa sasa iko chini ya tundu la paa, tumeifunika turubai.

Kule Kampala, ukumbi uliokuwa Norman Cinema uligeuzwa kanisa miaka ya 1980, na kwa miaka mingi ulijaa watu kila Jumapili. Tunawafurahia. Sisi hatuombi kununua jengo wala kulirudisha lilivyokuwa, maana hizo ni pesa ambazo hatuzifikii hata kwa ndoto. Mwenye jengo ametuandikia barua kwamba tutumie ukumbi wa mbele na chumba cha mashine kwa miaka mitano bila kodi, kwa sharti kwamba paa tutengeneze wenyewe. Hapo ndipo pesa nyingi zinakwenda: mabati 60 kwa shilingi 50,000 kila moja, yaani 3,000,000, na mbao, misumari na mafundi 2,000,000. Vinasa sauti viwili vizuri ni 1,400,000. Diski mbili za kuhifadhia, moja ikae hapa na nyingine mbali na hapa, 600,000, na skana ya picha na tiketi za zamani 600,000 pia. Zilizosalia, 1,200,000, ni za kuwaleta wazee arobaini, nauli na chakula cha mchana, shilingi 30,000 kwa kila mmoja. Kuna aliyetushauri tuipunguze hiyo ya mwisho, tuwafuate wazee majumbani. Tutawafuata wasioweza kutoka. Lakini tumeona wenyewe mzee yule alivyokumbuka kwa miguu, na tunataka kila anayeweza aingie kwa mlango ule ule.

Kwa hiyo ukitoa 50,000 umetupa bati moja. Ukitoa 30,000 umemleta mzee mmoja. Ukiwa na 5,000, leta 5,000. Jina lako litaandikwa kwenye daftari lile lile, na daftari litabandikwa mlangoni kila mwisho wa mwezi pamoja na risiti, kila mtu asome. Mweka hazina ni mama mmoja wa Walukuba aliyetunza vitabu vya chama cha akiba cha akina mama kwa miaka mingi, na hapokei pesa bila kuandika, hata kutoka kwangu. Mafundi walio tayari kutoa siku zao, tunawahitaji pia, na mwenye mbao kavu za kupaulia asizichome.

Wale wenzetu mlioko Kisumu, Leicester, Toronto, na kokote mlikotupwa na ile miaka, kwenu tuna ombi zaidi ya pesa. Keti na simu yako dakika kumi, useme: ulikaa wapi, ulikuja na nani, ulikula nini, picha gani ilikuliza, na siku ya mwisho uliyoingia ilikuwaje. Familia za balkoni, semeni kwa Kigujarati kama ndicho kinachokuja. Tutatafuta wa kututafsiria. Na ukoo wa yule seremala, kama mpo na maneno haya yamewafikia: safu ya saba, kiti cha pili kutoka njia ya kati. Tunataka jina lake liandikwe na watu wake.

Harambee yenyewe itafanyika Jumamosi ya mwisho ya Januari, saa nane mchana, nje mbele ya mlango, kwa kuwa ndani bado si salama. Akina mama watauza karanga na gonja, zile ndizi za kuchoma, na mapato yote yataingia kwenye sanduku. Leteni picha za nyumbani, tiketi, matangazo, chochote mlichohifadhi. Tutakipiga picha hapo hapo na kuwarudishia. Mimi nina kipande cha mkanda chenye picha tano, nilichopewa na fundi siku ile kule juu. Rangi zake zote zimekimbia, imebaki nyekundu tu, lakini ukikiinua kuelekea jua unamwona mwanamke amebeba mtungi, mguu mmoja mbele. Nitakuja nacho.