Kuzungusha gurudumu kwa mkono hakutoshi kujua kama LSD yako ni nzima

Lalamiko hili limeturudia tena hapa gereji, karibu kwa maneno yale yale: "Mmenitoza hela ya kupima difu, na jamaa yangu angenipimia bure kwa jeki." Mteja aliondoka akiamini tumemlia hela yake. Difu ni zile gia za katikati ya ekseli zinazoyaruhusu magurudumu mawili kuzunguka kwa kasi tofauti kwenye kona; LSD ni difu yenye kizuizi, isiyoacha nguvu yote iishie kwenye gurudumu linaloteleza. Basi tueleze kazi yenyewe ilivyo, ili atakayefuata ajue analipia nini.

Kipimo cha jeki wengi mnakijua. Unanyanyua ekseli ya nyuma mpaka magurudumu yote mawili yawe hewani, unazungusha moja kwa mkono, unalitazama la pili. Likienda kinyume, difu ni ya kawaida. Likifuata upande ule ule, unaambiwa ni LSD. Kinachosahaulika hapo ni gia. Gari likiwa nyutro, propela shafti (ule mhimili unaopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi kwenye difu) iko huru kuzunguka, na oili ya difu ikiwa nzito kwa baridi inaweza kuyaburuta magurudumu yote mawili upande mmoja hata kama ndani hamna hata moja ya zile pleti, yaani sahani za chuma zinazosuguana ndani ya LSD. Tulimpokea bwana mmoja aliyenunua gari kwa bei ya juu kwa sababu muuzaji alimwonyesha magurudumu yanavyozunguka pamoja. Siku ya kwanza kwenye tope, gurudumu moja lilirusha matope na la pili likatulia tuli. Tulilinyanyua gari, tukaingiza gia injini ikiwa imezimwa, tukagusa gurudumu la kushoto: la kulia likageuka kinyume, laini kabisa. Difu ya kawaida. Hakukuwa na kitu cha kutengeneza, na aliyeuza alikuwa ameshaondoka na hela yake.

Kwa hiyo ukipima nyumbani, ingiza gia, au weka P kama gari ni la otomatiki, handibreki iwe imeachiwa, na gari likae juu ya stendi, si jeki peke yake. Propela shafti ikiwa imeshikwa, LSD ya pleti yenye uzima inakukatalia: gurudumu halizunguki kwa mkono, au linazunguka kwa shida sana. Hapo umejua kwamba pleti zipo na zinashika kiasi fulani. Kiasi gani, mkono hauwezi kusema.

Halafu, si kila LSD ni ya pleti. Torsen, iliyobuniwa na Vernon Gleasman na kupewa hataza Marekani mwaka 1958, inafanya kazi kwa gia tupu, na nyingi zikiwa hewani bila mzigo huzunguka kinyume kama difu ya kawaida. Aina nyingine hutumia majimaji mazito ya silikoni, na hiyo ukiizungusha polepole inakuachia. Inakaza pale tofauti ya mwendo kati ya magurudumu inapokuwa kubwa. Mazda MX-5 ni mfano mzuri. Za mwanzo zenye injini ya 1.6 zilizokuwa na LSD zilitumia ya majimaji, na kuanzia 1994 za 1.8 zikaja na Torsen. Jina la gari ni moja, difu ni mbili, na majibu ya jeki ni mawili tofauti.

Dada mmoja alikuja na Torsen iliyokwisha hukumiwa kwingine kuwa imekufa. Walimnyanyulia gurudumu moja, likazunguka bure, wakamwandikia difu nzima ya kubadilisha. Torsen inazidisha nguvu ya gurudumu lililo dhaifu zaidi ili kulipa lile lenye mshiko. Gurudumu lililo hewani halina nguvu yoyote ya kuzidishwa, kwa hiyo linazunguka bure hata kwenye difu mpya. Ndiyo maana madereva wa Humvee za jeshi la Marekani, zenye Torsen mbele na nyuma, hufundishwa kukanyaga breki kidogo huku wakiongeza mafuta. Breki inalipa lile gurudumu mzigo, na difu inapata cha kufanyia kazi. Tulikwenda naye kwenye mchanga, tukafanya hivyo hivyo, gari likatoka. Alilipa upimaji tu.

Kuna na wale wanaokanyaga mafuta kwenye changarawe kisha wanahesabu alama za matairi. Mistari miwili, basi LSD ipo. Magari mengi ya siku hizi yana kompyuta inayobana breki ya gurudumu linaloteleza, na yataacha mistari miwili yakiwa na difu ya kawaida.

Jambo moja tunaomba mlishike kwa uzito wake. Usiwashe injini na kuingiza gia huku gurudumu moja liko hewani na jingine liko chini. LSD nzima itapeleka nguvu kwenye gurudumu lililo chini, na gari litaruka kutoka kwenye jeki. Kuna watu wameumia vibaya kwa kutaka kuona tu.

Sisi tukipima ya pleti tunafanya hivi. Gurudumu moja linabaki chini limekabwa kwa kabari mbele na nyuma, jingine linanyanyuliwa, gia nyutro, handibreki imeachiwa. Tunafunga kipande cha chuma kwenye nati za gurudumu, spana ya torki, ile yenye mshale unaoonyesha nguvu ya kuzungushia, inakaa katikati kabisa ya habu, na tunavuta taratibu kwa mwendo mmoja. Mshale unapanda, unasita, kisha gurudumu linaachia. Ile namba ya kuachia tunaiandika, na ile ya kuendelea kuzunguka pia, halafu tunafungua kitabu cha mtengenezaji wa gari husika. Namba ikiwa chini ya kiwango, pleti zimelika. Ikipanda na kushuka kwa kurukaruka, tunaikagua oili.

Oili ndiyo inayowagharimu watu wengi. LSD ya pleti inahitaji oili yenye dawa ya kulainisha msuguano, na kwenye kopo pameandikwa LS au LSD. Daraja la oili ya gia la GL-5 peke yake halitoshi, hata kama unene wa 75W-90 umelingana. Ukiweka ya kawaida, gari linatetemeka na kunguruma nyuma kwenye kona kali, na ukiendelea hivyo pleti zinaungua. Tulishaletewa gari lililoandikiwa kufunguliwa difu kwa mngurumo huo. Tulimwaga oili, tukaweka inayostahili, tukalizungusha polepole kwa umbo la nane, kushoto na kulia, mpaka oili ikapenya kati ya pleti, na mngurumo ukaisha. Wengine hujitibu wenyewe kwa kumimina chupa baada ya chupa za ile dawa. Kelele inakwisha kweli, ila pleti zinateleza, na umebaki na difu ya kawaida uliyoilipia kama LSD.

Tunatoza upimaji hata pale tunapokuta kila kitu kizima, na hatuoni aibu. Vifaa hivyo vina gharama, kitabu kina gharama, na fundi anayejua Torsen na pleti zinavyotofautiana hakujifunza kwa siku moja. Ukilinganisha na difu iliyofunguliwa bure, beringi na sili mpya, na mpangilio wa kraunwili na pinioni (gia kubwa na ndogo za difu) kuanza upya, hiyo hela ya upimaji ni ndogo.

Ukija, usimwage oili kwanza. Tunataka kuiona ilivyo: rangi yake kwenye kitambaa cheupe, kama inanuka kuungua, na kama kwenye sumaku ya nati ya chini kuna ugoro laini au vipande vya chuma. Na magurudumu ya ekseli hiyo yawe na matairi ya saizi moja na ulikaji unaolingana, kwa sababu tairi kubwa na dogo pamoja huilazimisha LSD kuteleza njia nzima, na hilo tutakuuliza kabla hatujashika jeki.