Mbwa wa babu yako na farasi wa Mtaliano

Mwenzangu,

Salamu zako na picha ya medali nimezipata. Nyota ya pembe sita, utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mwekundu katikati: hiyo ni Nyota ya Afrika, medali ya Waingereza kwa waliopigana Afrika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Usihangaike kutafuta jina la babu nyuma yake, Waingereza hawakumchongea mtu jina kwenye nyota zile. Na sasa ndiyo nimeelewa kwa nini yule mbwa wake aliitwa Gondari! Tulivyokuwa tukimcheka. Kumbe Gondar ndiko Wataliano walikosalimu amri mwisho kabisa kule Habeshi (Ethiopia), Novemba 27, 1941, na askari wa KAR, lile jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki, walikuwapo.

Umeniuliza babu alipigana na watu gani. Mmoja wao nimemsoma wiki nzima mpaka chai inanipolea mezani. Huyu hakuwa Gondar, alikuwa Eritrea: Luteni Amedeo Guillet, mpanda farasi hodari aliyechaguliwa kwenda Olimpiki ya Berlin ya 1936, akaiacha akaenda kwenye vita vya Mussolini vya kuivamia Habeshi. Hapo hana sifa kwangu. Vita vile vilikuwa vya gesi ya sumu.

Lakini sikiliza ya Januari 21, 1941. Waingereza na Wahindi wanashuka kutoka Sudan kwa vifaru na magari, na Wataliano walio Keru, huko Eritrea, wanataka nafasi ya kurudi nyuma. Alfajiri Guillet, umri miaka 31, anatokea na wapanda farasi wake, panga na mabomu ya mkono, wanapita katikati ya kambi ya adui. Wapiga mizinga wa adui wakageuza mizinga yao, wakailaza midomo chini, wakawafyatulia farasi waliokuwa mbele ya macho yao. Muda aliotafuta aliupata. Walioulipia ni Wahabeshi, Waeritrea na Wayemeni waliokuwa nyuma yake, na majina yao nimeyatafuta kila mahali nisiyaone. Yeye walimwita Komandanti Shetani, na neno hilo halihitaji mkalimani kwetu.

Asmara ilipoanguka Aprili 1 alikataa kusalimu amri. Akavua sare, akavaa kilemba, akaendelea kuvizia misafara ya Waingereza miezi kadhaa. Walipomkaribia sana akaingia Massawa, mji wa bandari wa Eritrea, kwa jina la Ahmed Abdallah al Redai, akawa muuza maji. Mimi hapa ndipo aliponishika, si kwenye farasi. Fikiria ofisa mzima anasakwa mji mzima, naye yuko barabarani anauza maji, na kinachomficha ni Kiarabu chake tu. Kosa moja la matamshi na habari imekwisha.

Kisha akavuka bahari hadi Yemen. Kwanza wakamtupa gerezani Hodeida, baadaye Imamu Yahya, mtawala wa Yemen, akampenda na kumkabidhi farasi wake awatunze. Mwaka 1943 akajipenyeza kwenye meli ya Msalaba Mwekundu iliyokuwa ikirudisha wagonjwa, akafika kwao.

Lakini yuko Khadija, msichana wa huko Habeshi aliyempenda na kupigana kando yake. Mchumba wa Guillet, Beatrice, alikuwa Italia akimngoja, na mwaka 1944 wakaoana. Khadija akabaki. Nilikasirika, nikafunga kitabu, nikaenda kufua nguo.

Maisha yaliyobaki yalimnyookea: akawa balozi Jordan, Morocco na India, akastaafu Ireland kwa ajili ya farasi, akafia Roma Juni 2010 akiwa na miaka 101. Eritrea alirudi mwaka 2000, mzee wa miaka 91. Babu yako alipewa nyota isiyo na jina, akarudi kulima.

Bibi bado ana kumbukumbu zake? Muulize kama babu aliwahi kutaja farasi, na huyo mbwa alimtoa wapi. Halafu ipige picha medali upya, safari hii dirishani. Kidole chako kimeziba ukingo mmoja wa utepe, nami nataka kuona ile bluu nyeusi na ile bluu nyepesi zote mbili.

Wako yule yule,
mla karanga wa dawati la nyuma